Uzi maalumu: Kupanga siku kwa mwanafunzi wa afya aliyeanza kuingia wodini

Mwanawodi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa binadamu, mwaka wa nne, katika chuo kimojawapo hapa Dar es Salaam. Tangu muhula huu uanze nimeulizwa mara nyingi na wadogo zangu wa mwaka wa pili, ambao mwakani wataingia wodini kwa mara ya kwanza, kwamba ninapangaje siku yangu hata nikapata muda wa kusoma, kula, kulala na kwenda ibadani. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, mara kimbwetani (kwenye meza za nje za kujisomea chuoni), mara kwenye ngazi za hosteli, nikaona ni heri niandike mara moja kwa kirefu, nao wenye uzoefu tofauti wanisahihishe hapa hapa.

Nianze na kosa langu. Nilipoingia mwaka wa tatu nilikuwa na ratiba nzuri sana. Niliichora kwa kalamu za rangi tatu kwenye karatasi ya manila, nikaibandika juu ya kitanda: kuamka saa 10 alfajiri, kusoma hadi saa 12, kuwa wodini saa 1 na nusu, kurudi saa 9 alasiri, kufua na kupumzika, kisha kimbwetani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Kila saa ilikuwa na jina la somo lake. Ratiba hiyo iliishi siku tisa. Siku ya kumi, raundi, yaani kuwapitia wagonjwa kitanda kwa kitanda pamoja na daktari, iliyopaswa kwisha saa 5 ilikwisha saa 8 mchana, kwa sababu daktari bingwa alimkuta mgonjwa ambaye wengu lake lilikuwa limevimba hadi kufikia kitovu, akatufundisha pale pale kitandani kwa zaidi ya saa nzima. Ninakiri kwamba lile lilikuwa somo bora kuliko yote niliyopata mwezi ule, lakini mimi nilisimama nyuma ya wenzangu nikihesabu saa zilivyokuwa zikibomoka kwenye karatasi yangu ya manila. Usiku nilikesha ili kufidia. Kesho yake nikasinzia kwenye ripoti ya asubuhi, kisha nikakesha tena ili kufidia nilichokisinzia, na nikaendelea kulipa deni kwa kukopa deni jingine kwa muda wa wiki mbili.

Kilichonizindua hakikuwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Tulikuwa kwenye mzunguko wa upasuaji, nami nilikuwa macho tangu saa 11 alfajiri ya siku iliyotangulia. Mnamo saa 10 usiku nilimchukua mgonjwa damu, kisha nikafanya jambo tulilokatazwa tangu mafunzo ya kwanza ya usalama: nilijaribu kuirudishia sindano kifuniko chake badala ya kuitupa moja kwa moja kwenye sanduku la usalama. Sindano ilikikosa kifuniko, ikaingia kwenye kidole cha shahada. Nilianza dawa kinga za VVU kabla ya saa mbili kupita, kwa kuwa dawa hizo zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, nikazimeza kwa siku 28 huku kichefuchefu kikinifanya nichukie hata harufu ya wali wa nazi. Vipimo vyangu vyote vilitoka salama. Hata hivyo, katika zile siku 28 nilipata nafasi ya kutosha ya kujiuliza ni nini hasa nilichokuwa nimekisoma katika usiku wote ule wa msuli, yaani wa kusoma kwa kukesha, na jibu la kweli lilikuwa kwamba sikumbuki.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili lilikwisha kupimwa zamani. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za mikono na macho kwa kiwango kile kile cha mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10. Huko kwao asilimia 0.05 inatosha kumnyima dereva ruhusa ya kushika usukani. Basi mwanafunzi aliyeamka saa 11 alfajiri hufikia kiwango hicho saa 4 usiku, yaani katika saa ambayo wengi wetu ndipo tunapofungua daftari na kujiambia kwamba sasa tunaanza kusoma kwa dhati.

Ninachoamini sasa ni hiki: ratiba ya saa kwa saa humfaa mtu mwenye mamlaka juu ya saa zake, na mwanafunzi wa wodini hana mamlaka hayo. Raundi ni ya daktari bingwa, zamu hupangwa na idara, na mama mwenye uchungu hamsubiri mtu. Kwa hiyo niliacha kupanga saa, nikaanza kupanga aina za siku. Kwangu mimi siku ni za aina nne tu, nazo ni siku ya kawaida ya wodi, siku ya zamu, siku inayofuata zamu, na siku isiyo na wodi. Kila Jumamosi jioni, idara ikishatoa orodha ya zamu, ninaandika herufi moja mbele ya kila siku ya wiki inayokuja, na herufi hiyo huniambia nitegemee nini na nisijidai nini.

Siku ya kawaida ina vigingi vitatu. Cha kwanza ni usingizi, kuanzia saa 4 na nusu usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri, saa saba kamili, ambazo ndizo za chini kabisa katika zile saba hadi tisa anazoshauriwa mtu mzima. Cha pili ni kifungua kinywa kizito kabla ya wodi, kwa sababu sijui chakula cha mchana kitakuja saa ngapi: viazi vitamu au mihogo na yai, au uji wa lishe wenye karanga. Cha tatu ni saa mbili za kusoma, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 4. Saa mbili, basi. Yanayobaki katikati ninayaacha yaende yatakavyo. Raundi ikichelewa inakula muda wa kufua au wa kupiga soga, haili kigingi.

Siku ya zamu sisomi. Narudia kwa ajili ya wale wanaobeba vitabu vya kilo tatu kwenda navyo zamu: sisomi. Mchana ninalala kama saa moja na nusu, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja wa usingizi, ninakula kabla ya kuondoka, ninabeba kopo la karanga na ndizi, na ninakunywa kahawa mapema, zamu inapoanza. Kahawa ya saa 9 usiku humwadhibu mtu asubuhi, kwa sababu kafeini huchukua takriban saa tano kupungua mwilini hadi nusu, na kwa wengine zaidi. Ukiinywa saa 9 usiku, nusu yake bado inazunguka mwilini saa 2 asubuhi unapokitafuta kitanda. Hesabu ni hiyo hiyo kwa wanaokunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu saa 10 jioni, wakashangaa kwa nini saa 3 usiku macho ni makavu.

Siku inayofuata zamu ndiyo siku inayopotezwa na wengi. Jua la Dar es Salaam la saa 2 asubuhi linauambia ubongo kwamba siku imeanza, na ukitembea juani kutoka hospitalini hadi kituo cha daladala bila kujikinga, usingizi unakimbia hata kama mwili umechoka. Mimi huvaa miwani ya jua, sipitii mahali, ninaoga, ninashusha kanga mbili nzito dirishani, ninawasha feni na kulala hadi saa 8 mchana. Nikiamka ninafua, ninapika, ninapiga simu nyumbani, jioni ninatembea. Saa 3 usiku ninarudi kitandani. Siku hiyo haidaiwi ukurasa hata mmoja.

Mtu atauliza: sasa unasoma lini? Jibu langu ni kwamba kusoma kwenyewe kunaanzia wodini. Ninabeba daftari dogo la kuingia mfukoni mwa koti, na kila siku ninaandika maswali matatu tu yaliyoletwa na wagonjwa niliowaona kwa macho yangu. Kwa nini huyu miguu yake imevimba ilhali yule mwenye ugonjwa ule ule haikuvimba? Kwa nini dozi yake imepunguzwa? Usiku ninajaribu kwanza kuyajibu bila kufungua kitabu, kwa kuandika, hata kama ninakosea, kisha ndipo ninafungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo nchini Marekani: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja walipitwa na wale waliojipima kwa kukumbuka. Hiyo dakika tano ndiyo inayotudanganya kimbwetani. Unafunga daftari ukihisi umeiva, kumbe ni moto wa karatasi.

Karibuni mnikosoe.

Mkunga wa Bara

Ahsante kaka Mwanawodi kwa andiko zuri. Ninasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, mkoani Tabora, na nina mtoto wa miaka miwili. Ninakubaliana na hoja ya aina za siku, ila niruhusu niseme kwamba siku zako zote nne ni za mtu anayerudi kwenye chumba kitupu.

Mimi nikirudi saa 10 jioni ninapokelewa na mtoto ambaye hajaniona tangu alfajiri, na mama mdogo ambaye amemlea kutwa nzima naye ana shughuli zake. Hakuna saa 2 hadi saa 4 usiku nyumbani kwangu. Nilijaribu mwaka jana kusoma baada ya mtoto kulala, nikawa ninamharakisha alale, naye kana kwamba anajua, ndiyo kwanza anaomba maji, anaomba hadithi. Nilikuwa ninamkasirikia mtoto kwa sababu ya mada ya kutokwa damu baada ya kujifungua. Siku moja nikajisikia aibu, nikabadilisha.

Sasa mtoto akilala nami ninalala, saa 3 usiku, vyombo vikiwa vimelowekwa. Ninaamka saa 10 alfajiri nikiwa na saa saba zangu, na kuanzia hapo hadi saa 11 na robo nyumba yote ni yangu. Kwa hiyo ile saa 10 alfajiri ambayo kwako ilikuwa kosa, kwangu ndiyo uokovu, kwa sababu nimeitanguliza kwa kulala mapema. Ninasoma mada moja tu. Mbili zilinishinda.

Jambo jingine ambalo wenzangu wa ukunga watalielewa ni logibuku, daftari la kurekodi kazi tulizofanya. Sisi tunatakiwa tuwe tumezalisha idadi fulani ya akina mama chini ya usimamizi, na kila mmoja asainiwe na mkunga aliyekuwepo. Nilikuwa ninaahirisha kuandika hadi mwisho wa wiki, kisha ninamtafuta mkunga wa Jumanne ambaye Ijumaa yuko likizo. Jioni tatu za kila wiki zilikuwa zinaishia kwenye kukimbizana na sahihi. Nilipoanza kuandika pale pale leba, mara tu mama na mtoto wanapokuwa salama na patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) imekamilika, nilijikuta nina jioni hizo tatu bila kuzitafuta. Nadhani wengi wetu tunatafuta muda kwenye usingizi wakati umelala kwenye karatasi zilizoahirishwa.

Mwanawodi

Dada Mkunga, umenisahihisha vizuri na ninakubali. Nilidharau saa 10 alfajiri kwa sababu niliiweka juu ya usiku ulioishia saa 6. Na hilo la logibuku linanihusu kabisa. Yangu ina kurasa mbili ambazo hadi leo sijui ni nani atakayezisaini.

Tabibu wa Zamani

Vijana wangu, nimeusoma uzi huu wote. Mimi ni daktari niliyestaafu. Nilisoma wakati ambapo kitabu kimoja cha fiziolojia kiligawanywa kwa wanafunzi wanane kwa zamu, na zamu yako ikiangukia saa 8 usiku ndipo uliposoma. Ninatofautiana nanyi katika jambo moja.

Mnaizungumzia zamu kama ajali inayovunja ratiba. Kuna mambo katika fani hii ambayo huonekana usiku tu. Mtoto mwenye pumu huja usiku. Mgonjwa wa moyo asiyeweza kulala chali utamkuta ameketi kitandani saa 9 usiku, akishikilia nguzo ya kitanda, wala asubuhi kwenye raundi hutaliona hilo, kwa sababu ameshapewa dawa na amelala. Zaidi ya hayo, ukimpokea mgonjwa jioni ukakaa naye hadi asubuhi, unauona ugonjwa ukitembea. Mwanafunzi anayepita wodini saa 1 na nusu na kuondoka saa 9 anaona picha moja moja, haoni filamu. Kwa hiyo mtu asije akausoma uzi huu akapata kisingizio cha kutoroka zamu au kwenda kulala kwenye chumba cha mapumziko saa 5 usiku. Nimewaona wa namna hiyo.

Kuhusu usingizi, sina ubishi. Nilikesha sana nikiwa kijana, na nilikuwa ninajisifu. Mwalimu wangu mmoja alitukataza kuandika dozi za watoto baada ya saa 8 usiku bila mwenzetu kuihesabu upya, tukadhani anatudharau. Nilipokuja kuwa mimi ndiye ninayekagua mafaili asubuhi nilielewa alikuwa ameona nini: nukta ya desimali ikisogea mahali pamoja, dozi inakuwa mara kumi.

Mwanawodi

Shikamoo Daktari, na ahsante sana. Nakubali kwamba nimeandika kana kwamba zamu ni adui. Ndiyo maana siku ya zamu siisomei kitabu, ingawa sikulieleza vizuri: ninataka macho na akili yangu yote viwe kwa wagonjwa wawili watatu nitakaowafuatilia hadi asubuhi. Hilo la kumwomba mwenzako ahesabu dozi upya nitalichukua na kulipeleka kwa kundi letu kesho.

Binti wa Tanga

Mimi ninasoma famasia na ningependa kuongeza aina ya tano ya siku, nayo ni siku ya Ramadhani, kwa sababu kila mwaka ninaona wenzangu wakiingia mwezi huo na ratiba ya Shabani na kuanguka wiki ya kwanza.

Mwezi wa Ramadhani hukata usiku vipande viwili. Ukimaliza tarawehe saa 3 usiku, ukala tena na kupiga soga hadi saa 6, kisha ukaamka saa 10 kwa ajili ya daku, umelala saa nne, na baada ya alfajiri unakwenda kazini. Mimi ninafanya hivi: nikitoka tarawehe ninalala saa 3 na nusu, bila simu, na daku ninaiandaa kabla ya magharibi ili nisiamke kupika. Hapo ninapata saa sita na nusu. Iliyopungua ninaifidia kwa kulala kidogo baada ya adhuhuri au alasiri, dakika ishirini, kwa saa ya kengele. Ukipitisha nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo unaamka kichwa kikiwa kizito kuliko ulivyolala.

Kusoma ninakuweka baada ya sala ya alfajiri hadi wakati wa kutoka, kwa sababu hapo nimeshakula na kunywa. Saa 10 jioni mwenye saumu akili yake iko kwenye uji wa pilipili manga, tusidanganyane. Jioni ninafanya kazi zisizohitaji akili nyingi, kama kunakili maandishi ya maabara na kupanga kadi za majina ya dawa.

Hata nje ya Ramadhani, vipindi vitano vya sala vimekuwa vigingi vyangu. Hapa kwetu pwani, karibu na ikweta, nyakati za macheo na machweo hazihami sana mwaka mzima, kwa hiyo magharibi ya leo na magharibi ya miezi sita ijayo hazipishani hata saa moja. Kaka Mwanawodi anaandika herufi kwenye kalenda. Mimi ninasikiliza adhana.

Msafiri wa Likoni

Nchi jirani, Mombasa. Ninasoma utabibu na ninavuka kivuko cha Likoni kila siku. Kati ya foleni, kivuko na matatu, saa mbili zinakwenda kwa siku, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikizihesabu kama saa zilizokufa. Sasa kila Jumapili ninajirekodi kwenye simu nikiuliza maswali ya wiki iliyopita, ninanyamaza kwa sekunde kumi, kisha ninatoa jibu. Njiani ninavaa kifaa cha masikioni upande mmoja, mwingine unabaki wazi kwa usalama, na ninajibu kimoyomoyo. Wakati wa kurudi jioni sisikilizi masomo. Ninaangalia bahari. Ndiyo mapumziko pekee niliyo nayo yasiyolipiwa.

Kijana Mwaka wa Pili

Wakuu, nimejifunza mengi. Nina maswali matatu. La kwanza, bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana na video zote za mihadhara ninazipakua baada ya saa 6 usiku, nifanyeje? La pili, bumu (fedha za mkopo za kujikimu) likichelewa ninakula mara moja kwa siku, sasa hicho kifungua kinywa kizito kinatoka wapi? La tatu, nikipumzika najisikia ninaiba. Hata Jumapili nikiwa kanisani ninawaza kwamba mwenzangu yuko kimbwetani.

Muuguzi wa Afya ya Akili

Mdogo wangu, kabla Mwanawodi hajakujibu ninaomba nilishike hilo swali la tatu. Kujihisi unaiba unapopumzika ni jambo la kawaida kwa wanafunzi wetu, na mara nyingi hupungua mtu anapokuwa na muda maalumu wa kusoma ulio na mwisho. Usiposema kusoma kunakwisha saa ngapi, mapumziko yote yanakuwa wizi. Lakini jiangalie. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi unaamka usiku wa manane na usingizi haurudi, hamu ya chakula imeondoka, mambo uliyoyapenda hayana ladha, au unawaza kwamba ingekuwa heri usiwepo, hapo tatizo si ratiba, na hakuna kalenda itakayotibu sonona. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili, na ukiwa na mawazo ya kujidhuru nenda leo, usisubiri wiki iishe. Wanafunzi wa afya huogopa kuonekana kliniki na walimu wao. Inaruhusiwa kabisa kwenda hospitali nyingine.

Mwanawodi

Ahsante sana dada Muuguzi, sina la kuongeza hapo.

Mdogo wangu wa mwaka wa pili, kuhusu bando: nasi tulikuwa na tatizo hilo hilo, tukalimaliza kwa kushirikiana. Tupo sita. Kila usiku mmoja anaiweka simu yake ipakue yenyewe huku amelala, na asubuhi anawagawia wenzake kwa kutuma kutoka simu hadi simu bila intaneti. Zamu yako inakuja mara moja kwa siku sita. Simu yenyewe iwe mbali na kitanda. Nilinunua saa ndogo ya mezani Kariakoo ili nisiwe na sababu ya kulala na simu, kwa sababu simu niliyokuwa ninaiita kengele ilikuwa inanionyesha pia ujumbe mia mbili wa makundi.

Kuhusu chakula, bumu likitoka nunua kwanza vitu vikavu vya miezi miwili kabla hujanunua chochote kingine: unga wa lishe, karanga, maharage, dagaa na mchele kidogo. Kama hosteli yenu hairuhusu kupika chumbani, zungumza na mama lishe mmoja, umpelekee unga wako akupikie uji kwa malipo madogo, au mlipe mapema kwa mwezi. Wengi wanakubali, kwa sababu nao wanapenda mteja wa uhakika. Uji wa saa 12 na nusu asubuhi ulio na karanga ndani utakufikisha saa 8 mchana, jambo ambalo chipsi za saa 4 usiku haziwezi kulifanya, nazo bei yake iko juu zaidi.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu mazoezi, nami nililisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi ninashuka kituo kimoja kabla ya changu na kutembea dakika 25 kwa mwendo wa haraka, siku sita, basi hesabu imetimia. Jumapili ninacheza mpira na watu ambao hakuna hata mmoja anayesoma afya, nao hawaniulizi chochote kuhusu wengu.

Na kuhusu wiki za mitihani, kwa kuwa najua ndilo swali litakalofuata: saa za kusoma zinaongezeka hadi nne au tano, mpira unaondoka, soga inaondoka, ila kulala kunabaki saa 4 na nusu. Mtihani wa vitendo wa kupita vituo uliopita nililala saa zangu saba usiku wa kuamkia. Kituo cha tatu kilikuwa cha kuchukua damu kwenye mkono wa plastiki. Nilitoa sindano, nikaitupa moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, na msimamizi akaweka alama ya vema bila kuinua kichwa.